Neno Dawa na Pakiti Tisa za Kahawa ya Mzee Twaha

Telegramu tatu zenye maneno ishirini kwa jumla, siku nne za likizo nilizozimaliza nikipalilia migomba ya mtu mwingine, na mpini mmoja wa jembe: hiyo ndiyo gharama ya neno moja nililoliandika vibaya kwenye barua ya Mzee Twaha wa Kishanda. Nimehesabu mara mbili. Ule mpini ulikuwa na ufa kabla sijaushika, lakini mwenye jembe hakuikubali hoja hiyo, nami nikalipa mpini mzima.

Nawaandikia ninyi mliobaki kwenye kaunta ya forodha Bukoba kwa sababu mbili. Ya kwanza, siku ya kuniaga mliniomba nieleze kidogo habari za kazi ya zamani, na wakati ule mdomo wangu ulikuwa umejaa ndizi. Ya pili nitaisema mwisho. Wenye haraka wasiruke kwenda huko, maana bila ya katikati hawataielewa. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilichelewa kuja na mishahara iliwahi kwisha, kama mnavyoona wenyewe.

Niliingia kazini mwaka uleule wa uhuru. Bendera ilikuwa mpya, mimi nilikuwa mpya, suruali yangu ilikuwa mpya kwa mkopo. Mhuri peke yake ndio ulikuwa wa zamani. Bado ulikuwa na taji, na karani mkuu wetu, Mzee Ishengoma, aliniagiza niuguse wino kidogo tu ili taji lisisomeke vizuri mpaka mhuri mwingine uletwe. Uliletwa baada ya miezi mingi. Kuna hati za wakati ule ambazo mpaka leo huwezi kujua zilipitishwa na nani.

Mzee Ishengoma alikuwa mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Siku ya kwanza hakunipa kalamu. Alinipeleka bohari, akaniambia nifumbe macho niinue gunia.

"Kilo ngapi?"

"Sijui, Mzee."

"Hata mimi sijui. Lakini taja."

Nikataja. Akalipandisha gunia kwenye mizani, akaniambia nimekosea kwa kilo kumi na nne. Tukafanya hivyo wiki nzima, asubuhi na alasiri, mpaka nikawa nakosea kwa kilo mbili. Alisema mizani huharibika na vipuri vinatoka mbali, lakini mikono nitakwenda nayo nyumbani. Leo nyumbani kwangu Ijuganyondo hakuna muuza nyama anayenipunja, na wote wananisalimia kwa heshima.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache: mizani hiyo, fito ya chuma ya kuchomea magunia, lakiri nyekundu, mshumaa wa kuyeyushia lakiri, na kitabu cha viwango vya ushuru ambacho panya walianza kukisoma kabla yetu. Lakini vifaa hasa vya Mzee Ishengoma vilikuwa viwili, na havikuandikwa popote. Cha kwanza kilikuwa swali. Msafiri akifika, usimuulize amebeba nini, maana jibu lake ameshalitunga tangu melini. Muulize: "Umesahau nini?" Hapo ataanza kufikiri, na macho yake yataelekea palipo na mzigo. Cha pili kilikuwa fundo. "Mtu anaweza kubadili gunia," alikuwa akisema, "lakini vidole vyake vinafunga jinsi alivyofundishwa na mama yake. Kabla hujafungua chochote, angalia fundo." Hilo la fundo lishikeni. Nitalirudia.

Kesi za siku zile zilikuwa za kuchekesha kuliko za kutisha. Kuna bwana mmoja alishuka melini akisukuma baiskeli aliyoapa kuwa ni kuukuu, ya marehemu baba yake. Ilikuwa imepakwa tope kuanzia usukani hadi kwenye kengele. Mzee Ishengoma akaizunguka mara moja, akabonyeza kengele kwa kidole, akasema, "Pole kwa msiba. Baba alikuwa akiendesha juu ya mawingu? Tope limeshika kila mahali isipokuwa kwenye matairi." Akalipa. Kuna mama mmoja naye alishuka akiwa amevaa vitenge vinane, kimoja juu ya kingine, akitembea kama pipa. Mimi nilitaka afungue vyote. Mzee Ishengoma akamletea kiti, akamwekea chai ya moto, akaendelea na kazi zake. Jua la saa saba lilipoingia dirishani, mama akaanza kuvua mwenyewe, kimoja kimoja, akivihesabu kwa sauti. Aliishia saba. Mzee Ishengoma akamwambia, "Rudia, mama." Tangu hapo nami nikawa mtu wa kuhesabu mara mbili.

Sasa nije kwa Mzee Twaha.

Ilikuwa miaka ya ujamaa, mkoa wetu ukiitwa bado Ziwa Magharibi. Mwaka mmoja watu kumi na mmoja wa mkoa walipata nafasi ya kwenda kuhiji. Makao makuu yakatuletea karatasi ya masharti ya forodha ya huko Arabuni, pamoja na agizo kwamba afisa mmoja awasomee wasafiri kabla hawajapanda meli, ili wasije wakaliaibisha taifa. Mzee Ishengoma akanichagua mimi, Mlutheri niliyebatizwa siku ya nane. Nilipomuuliza kwa nini, akajibu kwamba mimi ndiye mwenye sauti.

Nikaenda Kashai, kwenye baraza ya chuo cha Kurani. Wazee wamekaa mkekani, kanzu nyeupe, kimya cha adabu. Nikasimama na karatasi yangu nikaanza kusoma: "Kwanza. Ni marufuku kuingiza nchini humo pombe ya aina yoyote. Pili. Ni marufuku kuingiza nyama ya nguruwe."

Mzee mmoja wa mbele akainua mkono. Alikuwa mrefu, mkavu, na vidole vyeusi vya mtu wa kahawa.

"Mwanangu," akasema, "hayo mawili tuliyajua kabla babu yako hajabatizwa. Ruka uende la tatu."

Baraza zima likacheka, na mwalimu wa chuo akacheka hadi akashika kilemba. Huyo ndiye Mzee Twaha.

La tatu lilikuwa picha na sanamu, la nne mbegu na mimea yenye udongo, la tano dawa zisizo na cheti cha daktari. Nikawasomea yote. Mmoja akauliza habari za manukato yenye spiriti, nikamwambia ayaache. Mwingine akauliza kama dawa ya meno ni dawa. Tukabishana kidogo tukakubaliana kwamba si dawa. Laiti ningelitafakari swali lile kwa dakika mbili zaidi, ninyi msingekuwa mnasoma habari hii.

Siku ya safari wakaja bandarini na masanduku yao. Kumi wakapita bila shida. Wa kumi na moja alikuwa Mzee Twaha, na sanduku lake la bati.

"Mzee, umesahau nini?"

"Sijasahau kitu," akasema, na macho yake yakaenda kwenye kona ya sanduku.

Nikafungua. Chini ya kanzu kulikuwa na pakiti za kahawa ya kutafuna, hii yetu, akamwani, yale matunda yanayochemshwa mazima na kukaushwa. Zimefungwa kwa ganda la mgomba, kila moja na fundo lake. Nikahesabu pakiti ishirini. Nikahesabu tena, ishirini.

Kijana wa leo ataona ni jambo dogo. Wakati ule kahawa iliuzwa kwa chama cha ushirika tu, na mwananchi aliyeonekana na kahawa bandarini bila kibali alihesabiwa mtu wa magendo mpaka athibitishe vingine. Mgambo alikuwa amesimama hatua tatu nyuma yangu akisafisha meno kwa kijiti.

"Tata," nikamwambia kwa sauti ya chini, kama tunavyomwita baba kwa Kihaya, "hii ni kahawa."

"Ni kahawa, waitu," akanijibu kwa adabu yetu ya Kihaya. "Ulitaka iwe nini?"

"Hairuhusiwi kutoka."

"Haiendi kuuzwa. Nakwenda ugenini. Mwenye nyumba ya kule ni mkubwa kuliko wenye nyumba wote. Wewe ukienda kwa watu unaingia mikono mitupu?"

"Acha zote, Mzee."

"Kumi na nane."

"Mbili."

"Mbili ndiyo ya kumpa nani? Kumi na tano."

"Nne, na hizo nazihatarishia mkate wangu."

"Mkate wa serikali haukauki. Kumi na mbili."

Tukaenda hivyo. Meli ilikuwa imeshapiga honi ya kwanza. Tukakomea tisa, kila mmoja akijiona ameshindwa, na hiyo ndiyo dalili ya bei nzuri. Kila pakiti ilikuwa na matunda kumi na mawili. Nilifungua moja kuhakikisha na sikuweza kuirudishia fundo lake. Mkewe, Bi Zuhura, aliyekuwa amemsindikiza, akanyoosha mkono juu ya kaunta akaninyang'anya pakiti. Akazungusha kamba mara tatu upande wa kushoto, akaingiza ncha chini, akavuta. "Toa mikono yako," akaniambia. "Mimi ndiye niliyezichemsha."

Ikabaki karatasi. Kitabu cha viwango kilikuwa na kahawa mbichi, kahawa iliyokaangwa na kahawa iliyosagwa. Kahawa ya kutafuna hakikuijua. Aliyekitunga hakuwahi kukaribishwa katika nyumba ya Mhaya. Mzee Ishengoma akasema upande wetu tuziandike kama chakula cha njiani, lakini wa kule watataka maelezo, kwa hiyo nimwandikie barua fupi ya Kiingereza.

Kiingereza changu wakati ule nilikiona kizuri sana.

"Mzee, inatengenezwaje?" nikauliza, kalamu mkononi.

"Inachunwa, inachemshwa na dawa yake, inaanikwa."

Ninyi mnaelewa alichosema. Kwa Kiswahili kila kitu kina dawa yake. Viatu vina dawa, meno yana dawa, mchwa wana dawa, na kahawa ya kutafuna ina dawa, yaani yale majani ya kunukia yanayoota nyuma ya jiko. Mimi nikatafuta neno la Kiingereza la dawa. Nilikuwa nalijua moja, fupi, linaloandikwa kwenye mabango ya maduka ya dawa mjini. Nikaliandika. Barua ikasema kwamba mchukuzi wa barua hii amebeba pakiti tisa za kahawa iliyochemshwa kwa dawa. Nikapiga mhuri, nikaweka lakiri kwa madaha, meli ikaondoka.

Asubuhi yake Mzee Ishengoma alikuwa akipitia nakala za kaboni. Akasoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Kamugisha."

"Naam, Mzee."

"Huyu mzee umempeleka Makka au umempeleka jela?"

Akanieleza pole pole, kama anavyoelezwa mgonjwa, kwamba lile neno la Kiingereza lina sura mbili. Dukani ni dawa ya kuponya. Kwenye barua ya forodha ni dawa ya kulevya. Hata atakayelichukua kwa sura ya kwanza atauliza cheti cha daktari kiko wapi, kama nilivyowasomea mwenyewe pale Kashai, sharti la tano.

Mzee Twaha hakuwa tajiri. Ile safari ilikuwa mavuno ya miaka mingi ya kahawa, mkungu juu ya mkungu wa ndizi uliouzwa Muleba, na ng'ombe wawili. Akirudishwa uwanja wa ndege hatapata tena nafasi wala fedha wala umri. Na siku za hija haziahirishwi kwa ajili ya mtu aliyekwama kwenye kaunta.

Nikakimbia posta. Kutoka Bukoba kwa meli hadi Mwanza, na kutoka Mwanza kwa treni hadi Dar es Salaam, nilikuwa na siku kama nne mbele yao. Pale uwanja wa ndege kulikuwa na mwenzetu wa forodha ambaye sikuwahi kumwona kwa macho. Telegramu inalipiwa kwa neno, nanyi mnanijua. Nikaandika:

BARUA YA TWAHA IMEKOSEWA DAWA SI DAWA NI MAJANI

Maneno tisa. Nikajipongeza. Jibu likaja kesho yake:

MAJANI YA KUVUTA

Bila alama ya kuuliza. Sikujua kama ananiuliza au amekwisha kuamua. Karani wa posta, aliyeipokea, alinitazama kwa namna nisiyoipenda. Nikaandika ya pili:

MAJANI YA KUNUKIA KAMA MCHAICHAI CHANA BARUA

Jibu:

BARUA YA SERIKALI HAICHANWI

Hapo alikuwa na haki, na ningekuwa mimi ningejibu vivyo hivyo. Siku ya nne, nikijua sasa wameshafika Dar es Salaam, nikatuma ya tatu, nikiwa nimeshakata tamaa ya kuiokoa kahawa na kutaka kumwokoa mtu:

BASI MWAMBIE AACHE KAHAWA

Jibu lilikuwa refu kuliko yote. Nadhani mwenzangu naye alikuwa ameshaanza kumpenda:

AMEKATAA ASEMA HAENDI KWA MTU MIKONO MITUPU AMESHAPANDA NDEGE

Nilikaa na karatasi ile mkononi hadi Mzee Ishengoma akanifungia kaunta mwenyewe. Akaniambia sasa hakuna cha kutuma, kuna cha kwenda kusema. "Mke wake asilisikie sokoni. Nenda."

Nikaomba likizo. Nikapanda basi hadi Muleba, na kutoka hapo nikatembea kwenda Kishanda, nikiulizia. Bi Zuhura nilimkuta shambani, ameinama. Nikamsalimia, nikamweleza yote nikiwa nimesimama, kofia kwapani. Hakunikatiza. Nilipomaliza akajinyoosha, mkono kiunoni.

"Dawa?" akasema. "Yale majani?"

"Ndiyo, mama."

"Umeandika kwamba mimi Zuhura nachemsha bangi?"

"Sikuandika bangi, mama. Niliandika dawa."

"Kwa Kiingereza."

"Kwa Kiingereza."

Nikaona mabega yake yanatikisika. Nilidhani analia. Kumbe anacheka, lakini kicheko kilipoisha uso wake haukuwa wa mzaha. "Sikia, Bwana Forodha. Mume wangu ndiye anayepalilia upande ule wa bondeni. Kama umemfungisha, nani atapalilia? Jembe lile pale."

"Mama, mimi ni mtumishi wa serikali."

"Nimeona kofia. Siku sita."

"Mbili."

"Mbili unapalilia migomba au unaisalimia? Sita."

"Tatu, na mchana nitajitegemea chakula."

"Nne, na chakula utapewa. Siwezi kumfanyisha mtu kazi na njaa, hata wewe."

Nne zikawa nne. Siku ya tatu mpini ukavunjika, na hoja ya ufa mmeshaisikia. Lakini niseme kweli: zilikuwa siku nzuri. Bi Zuhura alikuwa akipita na kunionyesha mahali nilipokata mzizi badala ya jani, majirani wanakuja kuniangalia kama sinema, na jioni napewa ndizi na maharage. Hakuna aliyenikaribisha kahawa. Hilo nililiona, na nilijua maana yake. Kwetu mgeni akifika, kabla ya salamu kwisha kahawa imeshamfikia, kwenye kikapu kidogo, na mwenye nyumba ametafuna tunda la kwanza kumhakikishia kuwa halina baya. Nilikaa siku nne bila kuonjeshwa hata tunda moja. Sikuwa mgeni pale. Nilikuwa kibarua.

Zikapita wiki sita hivi. Kila meli kutoka Mwanza ilipotia nanga nilikuwa wa kwanza dirishani, nikihesabu kanzu. Asubuhi moja zikashuka kanzu nyingi pamoja. Nikahesabu kumi na moja. Nikahesabu tena. Mara ya pili sikuwa na haja nayo. Nilirudia kwa raha tu.

Nje kulikuwa na dufu na vigelegele, Bi Zuhura yuko mbele ya wote. Mzee Twaha akazungumza naye kidogo, kisha akaja kwenye kaunta na sanduku lake la bati.

"Haji," nikasema, "umesahau nini?"

"Mimi sijasahau kitu. Nasikia wewe umesahau mpini."

Ndipo akanieleza. Maafisa wa forodha wa Jidda walisoma barua, wakaacha kucheka. Wakamkalisha kwenye benchi, wenzake kumi wakikataa kuondoka bila yeye, jua likipanda. Akaitwa daktari wa pale. Daktari hakujua Kiswahili na Mzee Twaha hakujua Kiarabu cha mazungumzo, alijua cha sala tu. Daktari akagonga barua kwa kidole akasema neno moja la ukali:

"Dawa?"

"Nikamwelewa!" akaniambia Mzee Twaha, akipiga kaunta. "Nilishangaa. Katika maneno yote ya dunia, hilo nalijua! Dawa kwao ni dawa, kama kwetu. Nikamtikisia kichwa: la. Nikatoa pakiti moja, nikaifungua, nikatafuna tunda la kwanza mimi, kama inavyotakiwa. La pili nikampa kwa mikono miwili. Nikamwambia: kahawa."

"Akafanyaje?"

"Akalinusa. Akalitazama. Akatafuna. Akafunga macho kidogo, mwanangu, halafu akasema: gahwa! Akawaita wenzake wote waje. Pakiti ile iliisha palepale, kwenye benchi."

Akanipa barua yangu. Ile sentensi ilikuwa imepigwa mstari, na pembeni pameandikwa Kiarabu kwa wino wa kijani. Niliipeleka Kashai jioni ile. Mwalimu wa chuo akanisomea: Kahawa. Hakuna dawa. Maneno matatu. Ningekuwa nimetuma hayo, ningeokoa maneno kumi na saba.

Pakiti moja ilikwisha Jidda, saba akazigawa kwa watu aliolala nao na kula nao. Ya tisa alirudi nayo. Akaiweka kaunta, bado imefungwa na fundo la mkewe.

"Hii ni yako."

"Haji, niko kazini. Siwezi kupokea kitu kwa msafiri."

"Kwa hiyo unaikataa kahawa yangu?"

Hapo nilikuwa kati ya kanuni ya kazi na kanuni ya nyumbani, na zote mbili zina meno. Yeye ndiye aliyenitoa. "Basi iweke," akasema. "Siku utakapoivua hiyo kofia, uje nayo Kishanda. Kila tunda lina punje mbili. Tutapasua, moja yangu na moja yako, mpaka ziishe. Hapo tutakuwa tumesameheana."

Nikaifungia karatasi iliyoandikwa: mali ya msafiri, inasubiri mwenyewe, nikaitia droo ya tatu. Kila mwaka, wakati wa kukagua mali zilizozuiliwa, niliitaja: kahawa, pakiti moja, matunda kumi na mawili. Kila mkuu mpya aliuliza ni nini hii, nami nilimwambia kitabu hakina jina lake. Mzee Ishengoma alipostaafu aliniachia fito ya chuma na ile droo ya tatu yenye pakiti ndani. Yeye ametangulia, Mungu amrehemu. Mzee Twaha bado yupo. Macho yamepungua lakini vidole vinahesabu. Tangu aliposikia nakaribia kustaafu ametuma salamu mara tatu kwa watu wa basi, na zote ni swali moja: "Kofia imevuliwa?"

Imevuliwa. Naenda Jumamosi. Na hapa ndipo ilipo sababu yangu ya pili.

Nilipokuwa nakabidhi ofisi nilifungua droo ya tatu. Karatasi ipo, ganda la mgomba lipo. Nikaangalia fundo kabla ya kugusa, kama nilivyofundishwa. Bi Zuhura huzungusha mara tatu kushoto na kuingiza ncha chini. Nililolikuta lilikuwa fundo la kamba za viatu, lenye masikio mawili, zuri kabisa, la mtu aliyelelewa vizuri. Nikafungua nikahesabu. Kumi na moja. Nikahesabu tena. Kumi na moja.

Mmoja wenu amekula.

Sitaki kujua ni nani kwa ajili ya kumpeleka mbele. Mimi si mkuu wake tena, na tunda lenyewe najua halirudishiki. Ninachodai ni mlaji. Kwetu ukishatafuna kahawa ya mwenye nyumba umekuwa mgeni wake, na hakuna mgeni anayekula na kutokomea bila kumsalimia mwenyeji. Wewe umekula kahawa ya Mzee Twaha, kahawa iliyofika Jidda ikarudi, na hujamwambia hata shikamoo. Basi njoo ulipe. Jumamosi saa mbili asubuhi nitakuwa stendi, basi la Muleba. Nauli ni yako.

Na kama una nafasi mkononi, pitia sokoni uchukue mpini wa jembe. Bi Zuhura atakapoliona lile fundo lazima mtu apalilie, na mgongo wangu mimi umestaafu pamoja nami.